Tana Delta si habari mbaya tu

Wasee, ukitaja Tana Delta watu hukumbuka mapigano ya 2012 na mafuriko, basi. Yalitokea kweli na yaliumiza watu. Lakini ndiyo yote?

Mimi na beshte yangu wa Tanga tulitoka Malindi kwa baiskeli, tukalala Garsen baada ya zaidi ya kilomita 100 za jua kali. Kesho yake, Wema. Huko baiskeli si mchezo wa wikendi, bana. Ndiyo inabeba ndizi, mitungi ya maji na watoto. Mama mmoja Mpokomo alitupa maembe, akakataa pesa: "Mgeni halipi, wanangu."

Hofu nyingi tumepewa na watu ambao hawajawahi kufika. Nenda ujionee.