Ganda jipya, kichwa kilekile

Mchunaji wa ngozi haulizwi maoni kuhusu bunduki. Mgeni akirudi kambini jioni na nyati wake, maneno yote ni yake na mwindaji bingwa wake: risasi ilivyokwenda kasi, mnyama alivyoyumba, bunduki ilivyopiga teke. Mchunaji ana kisu na taa ya chemli, basi. Lakini ndiye anayefungua bega la nyati na kukuta kilichofika humo, na mara nyingi kilichofika hakifanani na yanayosimuliwa mezani.

Huko ndiko nilikoanzia. Uwindaji wa kitalii ulifungwa nchini Tanzania mwaka 1973, na ulipofunguliwa tena 1978 ukiwa mikononi mwa TAWICO, shirika la serikali, kambi za kusini zilihitaji vijana wasioogopa damu wala nzi. Nilichuna kwa misimu kadhaa, nikawa mfuata nyayo, baadaye nikapata leseni ya uwindaji bingwa. Lakini ninachoamini kuhusu risasi nilikipata bandani, kwa kuokota vichwa vya risasi kwenye nyama na kuviosha.

Bunduki nilizijua kabla ya hapo, kwa baba. Alikuwa askari wa wanyamapori Liwale, wilaya alikoishi C.J.P. Ionides, yule Bwana Nyama wa Kiingereza ambaye sifa yake kubwa ikaja kuwa ya kukamata nyoka. Kazi ya baba ilikuwa kuwaondoa tembo mashambani, na silaha aliyokabidhiwa ilikuwa .404 Jeffery, risasi ya Kiingereza ya miaka ya mwanzo ya karne iliyopita. Idara za wanyamapori katika makoloni ya Waingereza ziliipenda kwa sababu ya pesa: ilitumika kwenye bunduki ya bolti, ambayo bei yake ilikuwa sehemu ndogo tu ya bei ya bunduki ya mitutu miwili. Ilitupa kichwa cha gramu 26 kwa mwendo wa mita 650 hivi kwa sekunde. Baba hakuwahi kuzitaja namba hizo, na sidhani kama alizijua. Alichojua ni kwamba kila ganda tupu lilirudishwa ofisini na kuandikwa kwenye daftari, na kwamba ukimpiga tembo mahali pake, huhitaji ganda la pili.

Kilichoiua .404 hakikuwa udhaifu. Katika miaka ya 1960 kiwanda cha Kynoch cha Birmingham, kilicholisha karibu bunduki zote kubwa za Kiingereza Afrika, kiliacha kutengeneza risasi hizo. Makoloni yalikuwa yamekwisha na wanunuzi wamepungua. .404, .416 Rigby na .470 zikabaki na watu wanaozihesabu risasi moja moja. Bunduki nzuri, mafuta yake mazuri, tumbo tupu.

Pengo hilo likajazwa na Wamarekani. Tayari mwaka 1956 Winchester walikuwa wametoa .458 Winchester Magnum, na kwa hesabu ya karatasi ilikuwa muujiza: kichwa cha gramu 32 kwa mita 650 na ushei kwa sekunde, nguvu zilezile za bunduki ya mitutu miwili, tena kwenye ganda fupi la milimita 63 na nusu linaloingia kwenye bunduki ya bolti ya kawaida. Bei yake mtumishi wa serikali angeweza kuiwaza. Idara nyingi za wanyamapori zikaikumbatia.

Ufupi huo ndio uliokuwa na kasoro. Ili kasi ile ipatikane, baruti ilibidi ishindiliwe ndani ya ganda mpaka isiwe na pa kupumulia. Baruti iliyobanwa hivyo, ikakaa miaka kwenye stoo ya bati, ilishikana ikawa bonge, na bonge haliungui sawasawa. Juu ya hilo, kasi ya kwenye karatasi ilipimwa kwa mtutu mrefu kuliko wa bunduki tulizobeba porini. Niliona matokeo yake kando ya Mto Luwegu. Mgeni alikuwa na boksi la zamani ambalo sitataja limetoka wapi. Risasi ya kwanza ililia kama kawaida. Ya pili ilitoa mlio wa kuchelewa, mzito, usio na ukali, na nyati aliyekuwa amekwisha kujeruhiwa akaingia kichakani. Tulimmaliza kwa bunduki ya mwindaji bingwa. Nilipomchuna nilikikuta kichwa cha risasi ya pili kwenye misuli, chini kidogo ya ngozi. Kilikuwa kizima, hakijapinda wala kufunguka, kimebaki na alama za mtutu tu.

Jack Lott, mwandishi wa silaha wa Marekani, alikuwa na kisa kikali kuliko hicho. Nyati alimjeruhi Msumbiji mwaka 1959 baada ya .458 kushindwa kumwangusha. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alilichukua ganda refu la .375 H&H, yaani ya Holland & Holland, akalipanua, akalikata kwenye milimita 71, na kupata nafasi ya baruti kukaa bila kushindiliwa. Hiyo ndiyo .458 Lott. Kichwa ni kilekile cha gramu 32, ila sasa kinakwenda mita 700 kwa sekunde pasipo baruti kuteswa. Tena bunduki ya Lott inapiga risasi ya .458 ya kawaida pia, maana ganda fupi linakaa ndani ya chumba kirefu. Kwa miongo mitatu ilibaki zaidi risasi ya mafundi na ya kampuni ndogo, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 viwanda vikubwa vikaanza kuitengeneza, CZ na Ruger wakaitolea bunduki. Huo ni uboreshaji ninaouheshimu. Kulikuwa na ubaya uliomwaga damu, mtu akauondoa.

Miaka ya 1990 ilipofika, makampuni binafsi yakiwa yameshika vitalu vingi vya uwindaji, wageni walianza kuja na uboreshaji wa aina nyingine, na hapo ndipo nilipoanza kutia shaka. Chimbuko lake ni Parker Ackley, fundi bunduki aliyefundisha ufundi huo Trinidad, ule mji wa Colorado. Njia yake ni ya werevu. Unakichonga upya chumba cha bunduki kiwe kinyoofu zaidi, bega lake liwe la mkato mkali, nyuzi 40. Unaweka risasi ya kawaida ya dukani, unapiga. Ganda linafura na kuchukua umbo jipya, nawe unalipakia upya nyumbani kwa baruti nyingi zaidi. Zipo za .257, za .280, za .30-06, na .375 pia.

Nyongeza inayopatikana ni ya kweli. Kwa .30-06 na nduguze ni mita chache tu kwa sekunde. Kwa .375 ni zaidi, kwa sababu ganda la mwanzo limesinyaa sana kuelekea mdomoni na kuna nafasi ya kulipanua. Ila watu wachache huuliza kwa nini Holland & Holland walilichonga hivyo mwaka 1912. Baruti yao ilikuwa kodaiti, vijiti virefu vinavyopandisha shinikizo ovyo kwenye joto, kwa hiyo waliipa ganda refu na shinikizo la wastani. Na msinyao ule unalisaidia ganda kuteleza kuingia na kung'oka kirahisi hata likiwa la moto. Watetezi wa Ackley husema ganda nyoofu linashika kuta za chumba na kulipunguzia bolti mzigo. Ni kweli. Lakini kuta hizohizo likizishika Oktoba, bunduki ikiwa imeshinda juani kwenye Land Rover iliyo wazi, ndipo utamwona mtu mzima akiupiga mkono wa bolti kwa kiganja huku nyati wanamtazama.

Hata hivyo tatizo kubwa sikulionea kwenye bolti. Nililionea bandani. Wachunaji wenzangu wa zamani walijua nimekuwa mdadisi, wakawa wananiwekea vichwa vya risasi kwenye kopo. Mgeni mmoja mwenye .375 iliyoboreshwa alijivunia sana kasi yake, na nyati wake alianguka baada ya kufuatwa tangu asubuhi mpaka jua la alasiri. Kichwa cha risasi tulikikuta begani, kimepasuka na kusambaa, nusu ya madini yake ya risasi imepotea njiani, kifuani hakikufika. Msimu huohuo mgeni mwingine, mzee mtaratibu aliyekuja na .375 ya kawaida, alimpiga nyati mahali palepale. Hatukuokota kitu. Risasi ilipita mabega yote mawili ikaenda zake.

Tofauti ya wawili hao ilikuwa kichwa. Kichwa laini kilichotengenezwa kwa mwendo fulani ukikiongezea kasi, kinafunguka mapema mno na kuishia juujuu. Kwa hiyo kasi iliyonunuliwa kwa gharama ndiyo iliyomzuia yule wa kwanza asifike moyoni. Jambo hilo halikuwa geni hata kwa Wamarekani. Baada ya vita kuu ya pili John Nosler wa Marekani alikwenda Kanada kuwinda wale kulungu wakubwa wa kaskazini akiwa na risasi ya .300 yenye kasi sana, vichwa vikavunjika kwenye ngozi iliyoganda tope. Akabuni kichwa chenye ukuta katikati, mbele kifunguke na nyuma kibaki kizima, akaanza kukiuza 1948. Kichekesho ni kwamba kampuni hiyohiyo iliyozaliwa na kichwa bora ndiyo iliyokuja kuipa .280 ya Ackley cheti cha kiwanda, karibu miaka 60 baadaye.

Tangu mwisho wa miaka ya 1980 mabadiliko yaliyonigusa kazini yametoka kwenye vichwa. Barnes walileta kichwa cha shaba tupu kisicho na madini ya risasi ndani. Swift wakaunganisha gamba na kiini visiachane. Woodleigh wa Australia wakatengeneza vichwa vya bunduki za Kiingereza zilizokuwa zimekufa njaa, hata .404 ikafufuka. Vichwa vigumu vya tembo, ambavyo zamani vilikuwa na madini ya risasi ndani ya gamba la chuma na nilivikuta vimepinda au kupasuka kitako, sasa vinachongwa kwa kipande kimoja cha metali. Baruti nayo imekuwa bora, kiasi kwamba .458 fupi ya leo haina tena aibu ya miaka ya 1970. Vifaa vyote hivyo vinaingia kwenye bunduki ya babu yako bila kumwita fundi.

Sitaki kumdhulumu Ackley. Mizigo ya mgeni mwenye .375 iliyoboreshwa ikichelewa uwanja wa ndege, anaweza kupiga risasi ya .375 ya kawaida na kuendelea na safari yake. Niliwahi kumpokea mwingine ambaye ganda lake halikufanana na kitu chochote duniani, risasi zake zikabaki Ulaya, akaazimwa bunduki ya kambi, .375 iliyofungwa kitako kwa waya. Alipata nyati mkubwa kuliko wote wa msimu ule, na hakufurahi.

Vijana wenye leseni mpya wananiuliza waagize nini. Sheria yetu haiwaruhusu kwenda kwa wanyama hatari na kitu chini ya .375, nami siwapandishi juu ya hapo bila sababu. Kijana achukue .375 H&H ya kawaida, na pesa ambayo angempa fundi wa kuchonga chumba anunulie vichwa vizuri na risasi nyingi za mazoezi. Anayesindikiza wageni kwa nyati na tembo kila msimu, na bega lake linastahimili teke, achukue .458 Lott. Na yeyote yule, kabla hajalipa, apige simu kwenye maduka ya silaha ya Dar es Salaam na Arusha aulize kama risasi zake zipo rafuni leo. Akijibiwa kwamba zinaweza kuagizwa, asinunue bunduki hiyo.