Kizazi cha Karembo

Mwezi jana mteja alinipa kazi: maneno elfu moja kuhusu bakteria wazuri kwenye uzazi wa ng'ombe. Malipo yenyewe ni ya bando na chakula cha siku tatu. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka.

Marafiki niliwaambia niliacha chuo kwa sababu mihadhara ilinichosha. Ukweli ni Karembo, ng'ombe wa gredi wa mathe kule Nyandarua. Maziwa yake ndiyo yalikuwa karo yangu. Alizaa vizuri, lakini kondo la nyuma likakataa kutoka. Siku ya nne harufu ilifika hadi jikoni. Daktari alimdunga antibiotiki, na maziwa ya siku hizo tukayamwaga kwa shimo, mathe akiangalia kando. Baadaye mtu wa mbegu alikuja mara tatu, na mara tatu Karembo akarudi kwenye joto. Muhula uliofuata sikujisajili.

Sasa ndio nasoma. Ng'ombe akishazaa, mlango wa kizazi hukaa wazi siku kadhaa, na wadudu wa kwenye mavi na matandiko wanapenya. Mwanamke mwenye afya kwa kawaida ana laktobasili tele ukeni. Wanatengeneza asidi inayowafukuza wadudu wabaya. Ng'ombe anao wachache mno. Basi watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, wakachukua bakteria wa asidi laktiki waliotoka kwa ng'ombe wenyewe, wakawatia ng'ombe wengine ukeni wiki zile za karibu na kuzaa. Maambukizi ya kizazi yakapungua. Hivyo tu. Hakuna sindano kali, hakuna maziwa ya kumwaga.

Ukoo huohuo wa bakteria ndio unaogandisha mala. Hapo nikampigia mathe.

Alinyamaza kidogo. "Kwa hivyo ningemtilia mala?"

"Hapana, Mami! Hao walichaguliwa, wakapimwa maabara. Mala ingemwongezea uchafu."

"Na vile nilikuwa nayo mtungi mzima."

Karembo tulimuuzia mtu wa bucha. Sijawahi kuuliza alilipa ngapi.

"Hiyo pesa ya kuandika ikiingia," mathe akasema, "ulizia karo imefika ngapi siku hizi."

Nilimwambia kredo inaisha.