Kivuli cha Gavana Bungeni

Siku ya soko pale Magunga, katika eneo la Suba Kusini, mama muuza omena hutandika gunia lake mapema, na mazungumzo ya wateja aghalabu hayakawii kufika kwenye barabara. Ndiyo ile itokayo Mbita, ikapita Sindo na Magunga, ikashuka hadi Sori upande wa Migori. Mmoja humlaumu gavana. Wa pili husema la, mwenye fedha ni mbunge. Mzee aliyeketi kivulini huwauliza kwa upole: "Na seneta je, tulimtuma Nairobi kufanya nini?"

Swali la mzee ni zito kuliko linavyosikika. Kenya si shirikisho kamili. Ni nchi ya ugatuzi, ambamo Katiba ya 2010 iliunda kaunti 47, na magavana wa kwanza wakachaguliwa tarehe 4 Machi 2013. Gavana hana kiti wala kura bungeni. Huko Ujerumani serikali za majimbo zenyewe hupeleka wajumbe wao katika Bundesrat na kuwaagiza namna ya kupiga kura. Seneta wa Kenya huchaguliwa na wananchi, hivyo hapokei amri ya gavana. Gavana atakaye sauti bungeni hana budi kupitia mlango wa uani.

Mlango wa kwanza ni fedha. Mwaka wa 2020 Seneti ilishindwa mara kadhaa kukubaliana juu ya kanuni ya kugawa mapato baina ya kaunti. Katika kura za namna hiyo kila kaunti huwa na kura moja, na seneta aliyehofia kaunti yake kupunjwa hakuthubutu kurudi nyumbani mikono mitupu. Baraza la Magavana lilitangaza kwamba kaunti zingesitisha huduma kwa kukosa fedha. Mwafaka ulipatikana tarehe 17 Septemba, baada ya serikali kuu kuahidi nyongeza ya shilingi bilioni 50. Mwaka wa 2025 mvutano ulikuwa baina ya mabunge mawili: Seneti ilitaka kaunti zipewe bilioni 465, Bunge la Kitaifa likasema 405, wakaishia 415. Msomaji na apime mwenyewe ni nani aliyesogea zaidi.

Hata hivyo, seneta huyohuyo anayeipigania kaunti ipate fedha ndiye anayeuliza zilivyotumika. Moses Kajwang', seneta wa Homa Bay tangu 2015, amewahi kuongoza kamati ya Seneti inayokagua hesabu za kaunti. Magavana wamekalishwa mbele ya kamati hiyo wakajibu maswali ya mkaguzi. Si ajabu basi kwamba urafiki wa gavana na seneta hufanana na wa wake wenza: wanakula chungu kimoja, lakini kila mmoja anahesabu vipande vya nyama.

Mlango wa pili ni uchaguzi, na hapa Migori inatoa funzo zuri. Seneta Ben Oluoch Okello alipofariki mwaka wa 2018, uchaguzi mdogo uliitishwa mwezi Oktoba. Chama cha ODM kilimsimamisha Ochillo Ayacko. Gavana Okoth Obado, ingawa alikuwa amechaguliwa kwa tiketi ya chama hichohicho mwaka uliotangulia, alimuunga mkono Eddy Oketch wa chama kingine. Ayacko alishinda. Waama, nguvu za gavana zilionekana kuwa na mpaka, na mpaka wenyewe ulikuwa chama. Mwaka wa 2022 Oketch alirudi uwanjani, safari hii akiwa na tiketi ya ODM, akauchukua useneta.

Ayacko naye mwaka huohuo alikuwa ameuacha useneta akawa gavana. Homa Bay ilifuata njia hiyohiyo: Gladys Wanga, aliyekuwa mwakilishi wa wanawake bungeni tangu 2013, alichaguliwa kuwa gavana. Huenda huu ndio ushawishi mkubwa kupita wote, wala hauhitaji gavana kunyanyua simu. Mbunge anayekiota kiti cha gavana huanza kupiga kura akiwaza bajeti atakayoikuta mezani.

Yule asiyekiota hufanya kinyume. Wabunge na magavana wamevutana vikali juu ya shilingi bilioni 10.5 za ushuru wa kutunza barabara, kila upande ukidai kuwa ndio unaostahili kuzishika. Kwa sababu ya mvutano huo, mswada wa mgao wa ziada kwa kaunti ulikwama, na fedha nyingine zisizohusu barabara hata kidogo zikakwama nao.

Magunga soko hufungwa kabla ya giza. Mama hukunja gunia, huipima kwa macho omena iliyobaki, kisha huanza kujadiliana na mwenye pikipiki juu ya nauli ya Sindo. Mwenye pikipiki hutaja bei ya juu kidogo, akiinyoshea barabara kidole.