Wino na Amana

Kuna ulevi usionuka. Mtu huweza kuwa nao miaka mingi, akasahihisha madaftari ya wanafunzi, akahudhuria maziko, akapokea wageni, na majirani wasitambue kwamba yu mlevi. Wangu ulikuwa ulevi wa kalamu. Sizungumzii peni hizi za dukani ambazo zikikauka hutupwa. Nazungumzia kalamu za kujaza wino, zenye ncha ya chuma iliyopasuliwa katikati, ambazo watu wa rika langu walizoea kuziona mifukoni mwa mashati ya mahakimu na walimu wakuu.

Nayaandika haya nikiwa Rhotia, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, mahali ambapo barabara itokayo Mto wa Mbu huwa imekwisha kupanda mizunguko yake na kuingia katika ardhi nyekundu ya ngano, mahindi na maharage, kabla ya kufika Karatu na kuendelea Ngorongoro. Mimi ni mtu wa Unguja. Nilimwoa mwanamke wa huku, Mwiraqw, tulipokuwa sote walimu. Na nilipostaafu nikamfuata kwao, kama yeye alivyonifuata kwetu miaka yote ya ujana wetu. Wenzangu wa kisiwani huniuliza nawezaje kuishi bila ya bahari. Huwajibu kwamba asubuhi ukungu hujaa mabondeni hata vilima vikasimama kama visiwa, na jibu hilo huwatosha.

Kalamu ya kwanza niliikuta ndani ya koti. Huku juu ni baridi, hususan Juni na Julai, na mtu wa pwani hana budi kwenda mnadani Karatu kujitafutia koti la mtumba. Nilipolifua langu nilihisi kitu kigumu ndani ya bitana: mfuko ulikuwa umetoboka, na kalamu imeteremka hadi kwenye pindo. Ilikuwa Parker 45, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1960. Mwenyewe wa kwanza yuko wapi, na aliandika nini, Mungu ndiye ajuaye. Niliiloweka usiku kucha katika bakuli la maji, na kulipokucha maji yalikuwa ya zambarau. Wino wa mtu nisiyemjua ulikuwa umelala humo miaka, ukisubiri.

Siri ya kalamu hizi ni ndogo, nayo ni ya ajabu. Kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi, ndivyo wino uvutwavyo katika mpasuko mwembamba wa ncha. Shida ya zamani ilikuwa kuuzuia usimwagike wote kwa pamoja. Lewis Waterman wa New York alipata hataza mwaka 1884 kwa kuweka chini ya ncha ulimi wenye vijifereji, ambao huruhusu wino ushuke na hewa ipande kwa kipimo. Mkono basi hauna haja ya kukandamiza. Herufi hutoka zenyewe, na mwandishi huhisi kama aliyeshushiwa kiungo cha mwili alichokikosa siku zote.

Nikanasika. Baada ya ile ya koti ilikuja Hero ya Shanghai, niliyoinunua Arusha kwa mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ofisi. Kisha Pilot ya Japani. Kisha nikaacha kuhesabu sababu na nikabaki kuhesabu kalamu tu. Mpwa wangu aliyeko Maskati alinitumia chupa za wino kila alipopata msafiri. Wino huo ulivuka kwa ndege hadi Unguja, ukavuka kwa boti hadi Dar es Salaam, ukapanda basi hadi Arusha, kisha ukaletwa Rhotia magotini mwa abiria. Niliwahi kupandisha ukingo wa bonde na kalamu iliyojaa nusu, ndani ya mfuko wa kanzu nyeupe. Kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,500, hewa iliyofungwa kalamuni hutanuka, na ikitanuka huusukuma wino nje. Niliteremka garini na doa la kijani kifuani, na kondakta akaniuliza kama nimeumwa na mdudu.

Ilipofika mwaka 2018 nilikuwa na kalamu 37 na chupa 52. Nilikuwa pia na madaftari manne yaliyojaa, na katika hayo manne hapakuwa na ubeti hata mmoja. Kila ukurasa ulikuwa wa majaribio: jina la wino, tarehe, mistari ya kunyoosha, mistari ya kuzungusha, na sentensi ile ile moja niliyoirudia mara mia. Mimi ambaye ujanani nilikuwa nikitunga nikienda kuchota maji, sasa nilikuwa na kila chombo cha kuandikia na sina la kuandika. Mke wangu, aliyekulia katika boma la ng'ombe, alizitazama siku moja zilivyopangwa sandukuni juu ya kitambaa, akasema, "Mume wangu, hawa ni ng'ombe ambao hukamui." Nilicheka. Ilikuwa haki yake niumie.

Hapa sina budi kueleza kwa nini watu walinijia kuandikiwa. Kiiraqw ni lugha ya jamii ya Kikushi, na zimo ndani yake sauti mbili ambazo maalim wangu wa chuoni alizitafuta kooni mwetu kwa bakora: ain, na ile ha nzito. Sisi watoto wa pwani tulizitoa kwa taabu. Watoto wa huku huzitamka wakiitana machungani. Katika herufi za Kilatini, ile ha huandikwa kwa h mbili, na ain kwa alama ya mkwaju. Kwa kuwa nilijifunza hayo kwa mke wangu, nilisifika kwamba naandika majina ya watu kama wanavyoitwa na mama zao.

Ndipo akaja jirani yangu, mama mmoja mjane. Yeye na shemeji yake walikuwa wamekubaliana mpaka wa shamba mbele ya wazee, na alitaka makubaliano hayo yawekwe katika maandishi, ili siku ya kuomba hatimiliki ya kimila, kwa ile Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, asianze kubishana upya. Alikaa kwenye kiti cha barazani, akaniambia, "Mwalimu, niandikie vizuri, isije ikasomwa vingine nikiwa sipo."

Nilimwandikia vizuri. Nilichagua wino uliofika wiki ile kutoka Maskati, buluu ya bahari ya Nungwi saa nne asubuhi. Niliuchagua kwa sababu nilikuwa na hamu ya kuuona umejaa ukurasa mzima. Sababu nyingine sikuwa nayo. Nilieleza mpaka kuanzia mkonge wa barabarani hadi pembe ya chini korongoni, hatua kwa hatua. Wazee watatu wakaja kutia saini. Sikuwapa kalamu yangu, kwani wakusanyaji huamini kwamba mkono mgeni huharibu ncha. Kila mmoja akatia saini kwa peni yake.

Mvua za vuli za 2019 zilikuwa kubwa Afrika Mashariki nzima, na masika ya 2020 yakazifuata ardhi ikiwa bado imelowa. Paa la mama yule lilivuja juu ya kasha lake. Alikuja kwangu asubuhi, karatasi ameilaza juu ya ungo kama nafaka ya kuanika. Juu palikuwa na madoa ya buluu tu, kama shuka iliyochujuka rangi. Chini kabisa, wazima, walisimama mashahidi watatu wa karatasi tupu.

"Mwalimu," aliniuliza, "maneno yamekwenda wapi?"

Jibu nililijua, na kulijua ndiko kulikoniadhiri. Wino mwingi wa kalamu hizi ni rangi iliyoyeyushwa katika maji, na maji yakiurudia huuyeyusha tena. Wino wa peni ya dukani ni mzito, wa asili ya mafuta, nao hauiogopi mvua. Zaidi ya hayo, nililelewa katika nyumba iliyokuwa ikijua tofauti hii kabla sijajua kusoma. Bibi yangu alipougua aliandikiwa kombe: aya katika sahani nyeupe, kwa zafarani iliyotiwa marashi. Maandishi yale yalikusudiwa kufutika. Yalioshwa kwa maji, na maji akanywa mgonjwa. Lakini mwandishi yule yule aliporudi kwake kunakili kitabu, hakuchovya kalamu katika zafarani. Kule Siyu, kisiwani Pate, karne ya 18 na ya 19, misahafu ilinakiliwa kwa mkono, na mingine inasomeka hadi leo. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, mshairi na mchongaji aliyefariki mwaka 1945, aliandika miswada ambayo baadhi yake imehifadhiwa London, na mtu aweza kuiagiza mezani akaisoma. Wazee hao walijua kwamba kila wino una nia yake, na kwamba mwandishi huulizwa nia hiyo kabla ya kuulizwa mwandiko. Mimi mwenye chupa 52 sikujiuliza.

Shemeji mtu hakusema neno baya. Alisema tu kwamba hakumbuki. Wazee wawili walikuwa hai, nasi tukautembea mpaka pamoja nao tangu mkonge wa barabarani. Aliyekuwa akiijua vyema pembe ya korongoni ni yule wa tatu, naye tulikwisha mzika. Pale chini, kwa hiyo, palibishaniwa, na kwa ajili ya amani mama yule alirudi nyuma hatua kumi na mbili. Nilizihesabu.

Makubaliano mapya niliyaandika kwa wino wa aina ya kale, uchanganywao kwa chuma na uchachu wa mavimbe ya mti wa mwaloni. Huko Uingereza daftari za ndoa na vizazi zilikuwa zikiandikwa kwa wino wa namna hii. Huandika kwa rangi hafifu, kisha ukikutana na hewa hukolea hadi weusi, na weusi huo hushikamana na karatasi. Una ukali, ukiachwa kalamuni bila ya kuoshwa huila ncha. Mama hakutaka maelezo yangu. Alitaka kuona. Niliandika jina lake katika kipande cha karatasi, tukakiacha kikauke usiku mzima, na asubuhi nikakitia katika beseni la maji mbele yake. Tulikaa kimya, kama wanaosubiri maziwa yachemke. Buluu kidogo ilitoka ikaelea. Jina likabaki, jeusi.

"Huu sawa," akasema. Safari hii wazee walitia saini kwa kalamu yangu, wakiikandamiza watakavyo, na ncha haikuharibika.

Kalamu nyingi nimezigawa. Nimejiachia tano, na ile ya koti ndiyo ya kila siku. Dada yangu aliniletea gome la mkoko, lile ambalo wavuvi walitilia rangi nyavu na matanga, nikalichemsha na misumari yenye kutu. Likatoa wino mweusi wenye ukijani kwa mbali, ambao nautumia kwa kalamu ya kuchovya. Na baada ya miaka ya kuandika majaribio, nilitunga ubeti:

Kalamu nimezipanga, sandukuni zimejaa,
Wino buluu ya anga, ukurasani wang'aa,
Tone moja likitanga, maneno yote hupaa,
Wino usio na kinga, dhamana hautatwaa.

Haurudishi hatua kumi na mbili. Nikiteremka korongoni nayaona mahindi yaliyopandwa hapo na mkono usio wa mama yule, na huyapita bila ya kuyatazama sana. Ila kila masika yanapoanza, yeye hufungua kasha lake akaitazama karatasi. Kisha hupita barazani kwangu, akiwa na jembe begani, na hata salamu hajamaliza.

"Mwalimu," huniambia, "bado yapo."