Nguzo za Mabawa: Kutoka Mabua hadi Kaboni

Ndege ya mtoto wa Kilimatinde ilikuwa ya mabua ya mtama. Ganda gumu la bua lilichanwa likawa vijiti, moyo wake laini ukawa mwili wa ndege, na aliyetaka mabawa mawili, moja juu na jingine chini, alichomeka vijiti vinne kati yake, ndege ikasimama. Nguzo zile hazikuwa na kazi, kwa kuwa ndege yenyewe haikuruka. Ilikimbizwa kwa mkono ukingoni mwa mteremko unaoshukia bonde la Bahi. Leo kijana mwenye mota ndogo, betri na rimoti anaweza kuunda ndege ya mabawa mawili inayopaa kweli, na hapo nguzo zinaanza kudaiwa kazi. Bua limekuwa mbao nyepesi, mwanzi au fimbo ya kaboni. Lakini kilichochelewa kubadilika ni fikra: bado tunadhani nguzo dhaifu dawa yake ni kuinenepesha. Hoja yangu ni kwamba nguzo ya bawa huimarishwa kwanza kwenye ncha zake mbili na kwenye nyuzi zinazoikaza, na unene huja mwisho.

Ushahidi wa kwanza uko katika historia ya nchi hii, Tanzania. Mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walileta ndege za majini za Sopwith kwenye kisiwa cha Nyororo, karibu na Mafia, kuitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji. Joto la pwani liliyeyusha gundi, mbao zikapinda, na ndege zikashindwa kazi. Mbao zile hazikuwa nyembamba kuliko ilivyotakiwa. Vilivyoachia ni viungo. Mwaka uliofuata, jeshi la upande wa Waingereza chini ya Jenerali van Deventer lilipoichukua Dodoma mwishoni mwa Julai na kusonga hadi Kilimatinde, kikosi cha anga cha 26 kilichotumika katika vita hivyo kilikuwa na ndege za BE2c za mbao pamoja na Henri Farman zilizoundwa kwa mabomba ya chuma. Chuma hakinywi maji wala hakinyauki, kwa hiyo kiungo chake hakibadiliki majira yakibadilika. Nasi huku Kilimatinde tuna msimu mmoja wa mvua, kisha kiangazi kirefu chenye upepo. Tundu lililobana kijiti barabara mwezi wa Machi huwa limelegea ifikapo Agosti, na kiungo kilicholegea hutikisika kila mota inapozunguka, mpaka gundi ipasuke.

Atauliza mtu: kwa nini tusiongeze unene tu, tuachane na hesabu? Unene una faida, sikatai. Nguzo ya mviringo ikiongezwa kipenyo kwa sehemu moja ya tano, uwezo wake wa kustahimili mgandamizo bila kupinda huongezeka zaidi ya maradufu. Lakini uzito nao unapanda kwa asilimia 44, hewa inapata kizuizi kikubwa zaidi, na kiungo kinabaki kilekile. Tena nguzo hiyohiyo ikishikwa katikati isiweze kuyumba upande wowote, uwezo wake unafika mara nne, kwa uzito wa uzi peke yake. Hewani bawa huinuka, na nyuzi za mshazari zinazotoka chini karibu na mwili kwenda juu kwenye ncha ya bawa ndizo zinazovuta. Nguzo inabaki na kazi ya kuhimili mgandamizo. Ndege ikitua kwa kishindo mzigo unageuka, na nyuzi za mshazari wa pili, unaokwenda kinyume na ule wa kwanza, ndizo zinazoubeba. Ukikata nyuzi hizo, mzigo wote unahamia kwenye gundi, na hapo ndipo nguzo hung'oka ikiwa nzima.

Wengine husema ndege nyingi ndogo za Cessna hazina nyuzi, zina nguzo moja tu kila upande, na zinatua salama kwenye viwanja vya vumbi. Ni kweli, lakini nguzo ile ni ya alumini, hewani huvutwa badala ya kugandamizwa, na imefungwa kwa bolti ncha zote mbili, juu kwenye boriti imara ya bawa na chini kwenye mwili wa ndege. Yaani hata pale nguvu inategemea ncha. Ni kweli pia kwamba ndege nyingi za povu zina nguzo za pambo tu, kwa sababu fimbo ya kaboni ndani ya bawa inatosha. Mwenye ndege hiyo hana haja ya kuhangaika. Nazungumza na anayeunda mabawa membamba ya mbao. Huyo na aanze kwa kubandika kipande cha plaiwudi nyembamba ndani ya bawa pale nguzo inapoingia, afunge ncha kwa uzi imara juu ya gundi, kisha akaze nyuzi za mshazari pande zote mbili kwa usawa bila kulipinda bawa. Azikague tena kiangazi kikianza, kabla hajairusha.