Picha ya mjomba na buibui la nyanya

Nimekuwa kimya majuma kadhaa, kazi ya kuandika programu za watu ilinibana. Leo naacha kidogo mambo ya hifadhidata, nizungumzie kamera.

Wanaonijua wanaujua ugonjwa wangu: napenda kupiga picha za vitu vinavyoonekana ndani ya maji na vioo. Mvua ikinyesha Likoni, wenzangu wanakunja suruali, mimi natoa simu. Dimbwi moja la stejini huwa na matatu nzima ndani yake, imepinduka, pamoja na mnazi na nyaya za stima. Upande wa Changamwe napenda kwenda Mikindani alfajiri, wakati maji ya hori la Tudor yametulia na mikoko inaonekana mara mbili, moja juu na moja chini.

Anayeanza mchezo huu hukosea palepale nilipokosea mimi. Huiacha simu ilenge uso wa maji. Matokeo yake majani na takataka zinazoelea zinatoka safi, na mnazi unakuwa ukungu. Kwa lenzi, mnazi ule hauko juu ya maji. Umbali wake ni kutoka kwenye simu hadi majini, ukijumlisha na kutoka majini hadi kwenye mnazi wenyewe. Kwa hiyo gusa mnazi kwenye skrini, usiguse maji.

Nilijifunza na hila ya pili. Ukiweka miwani ya jua ya polaroidi mbele ya lenzi na kuizungusha taratibu, mng'ao wa maji hufifia mpaka unaona changarawe za chini. Hufanya kazi vizuri zaidi ukiyatazama maji kwa pembe ya nyuzi kama 53 kutoka mstari wima. Kwa kioo cha kawaida pembe hiyo ni nyuzi kama 56. Basi nikajiona fundi.

Kisha nyanya akaniita kwake Mtongwe.

Ukutani kwake kuna picha ya mjomba wangu, nyeusi na nyeupe, ya studio. Mjomba alifariki mwaka 1991, kabla sijaanza shule, na picha nyingine yake hakuna. Nyanya alitaka nakala, kwa sababu madoa yalikuwa yameanza kuingia pembeni. Mimi nikasema kazi rahisi, nitaitoa kwenye fremu. Nilipochungulia kwa karibu nikaona haitoki. Picha za aina ile zina utando wa gelatini juu yake, na gelatini ikikaa miaka mingi kwenye unyevu wa pwani hulainika na kunata kwenye kioo. Ukiivuta, uso wa mtu unabaki kwenye kioo na karatasi inabaki mkononi. Tena fremu yenyewe ilikuwa imepigiliwa misumari kwenye ukuta unaomomonyoka. Kwa hiyo ilibidi nipige picha kupitia kioo, palepale ilipo.

Nikapiga haraka haraka, mlango ukiwa wazi. Nilichopata ni mlango mweupe uliomfunika mjomba upande mmoja wa uso, na mimi mwenyewe nikiwa nimeshika simu kifuani pake. Uso mmoja wa kioo huakisi kama asilimia 4 tu ya mwanga ukitazama moja kwa moja. Ni kidogo, lakini asilimia 4 ya jua la Mombasa inatosha kabisa kuishinda picha iliyofifia ndani ya chumba.

Nikatoa miwani yangu ya polaroidi. Haikusaidia. Ile hila inataka pembe, na ukisimama mbele ya kioo moja kwa moja mng'ao hauchujiki. Nikienda ubavuni ili niipate pembe, mng'ao unapungua lakini mjomba anabanwa kama mtu aliyesimama ndani ya kabati. Ukimnyoosha baadaye kwa GIMP, alama ndogo ndogo za uso zimeshapotea.

Jioni nikafanya jambo ambalo siku hizi sote tunalifanya. Nikaipeleka ile picha yenye mlango kwenye programu moja ya akili mnemba. Baada ya sekunde chache ikarudi safi, bila mlango, bila mimi, uso laini. Kesho yake nikavuka mtaa na simu mkononi kama niliyeshinda mashindano.

Nyanya aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Huyu ni nani?"

"Ni mjomba, nyanya."

"Mwanangu alikuwa na kovu hapa," akasema, akigusa chini ya jicho lake la kushoto. "Alianguka mwembeni akiwa na miaka tisa. Huyu si mwanangu, huyu anafanana naye."

Sikuwa na jibu. Kovu lilikuwa palepale mlango ulipomfunika. Programu haikuliona, ikachora ngozi. Na jambo lililonikera ni kwamba kazini kwangu nikikuta sehemu tupu kwenye jedwali la wateja siijazi kwa kubahatisha. Naiacha tupu mpaka niulize. Sasa kwa nini nilikubali uso wa mtu ujazwe?

Nikamuuliza nyanya yeye hulionaje kovu, ikiwa mlango huwa wazi mchana kutwa. Akanishangaa. "Nikitaka kumwona vizuri nasogea kidogo, mwanangu."

Hapo ndipo nilipopata programu yangu. Mtu akisogea, mng'ao unahama lakini picha inabaki. Tena mng'ao huongeza mwanga, haupunguzi kamwe. Kwa hiyo ukiwa na picha kadhaa zilizopigwa kutoka mahali pamoja, na mng'ao umehama katika kila moja, chukua kila pikseli kwa zamu na uchague ile yenye mwanga mdogo kuliko zote. Hakuna kinachobuniwa. Kila nukta imetoka kwenye picha halisi.

Tukafunga mlango, tukaacha dirisha la ubavuni limulike picha. Nikafunga simu kwenye stendi na kuweka saa ya kujipiga ili nisiitikise. Ukuta mweupe wa nyuma bado ulikuwa unaakisika, nikahitaji kitambaa cheusi. Nyanya akaingia ndani akatoka na buibui lake la zamani, akalitanua kwa mikono miwili nyuma ya kamera. Halikutosha kufunika kote. Basi akawa anasogea nalo, hatua moja kulia, hatua moja tena, nami napiga. Picha 6. Nilikuwa na wasiwasi mikono itamchoka, akaniambia niache maneno nipige.

Programu yenyewe ni mistari isiyozidi 20 ya Python: fungua faili zote, zilinganishe, chagua thamani ndogo, hifadhi. Ilimaliza kabla chai haijapoa. Ukuta ukaondoka, mimi nikaondoka, na chini ya jicho la kushoto kukatokea kamstari kadogo keusi, kamepinda.

Nyanya hakusema kitu. Aliweka kidole juu ya skrini, picha ikakuzwa bila yeye kutaka, akashtuka, akacheka.

Nakala nimeichapisha na kuitia kwenye fremu mpya, na katikati ya picha na kioo nimeweka ukingo wa kadi ili zisigusane tena. Faili zote 6 nimezihifadhi kama zilivyo, sehemu mbili tofauti, pamoja na zile zenye ukuta. Ile ya akili mnemba nimeifuta. Fremu ya zamani iko palepale na misumari yake, na nyanya bado anasogea kidogo akitaka kumwona.

Haya, mvua imeanza tena huku Likoni. Natoka na simu. Tukutane juma lijalo, inshallah.