Nilichomjibu binti yangu kuhusu kabati la biri

Fedha iliyomalizia ada ya binti yangu ya kidato cha kwanza ilitokana na kabati la kuhifadhia tumbaku. Mama watoto ndiye aliyesema nisilifiche, kwa hiyo naanza nalo.

Mimi ni seremala, karakana yangu iko Keko, Dar es Salaam. Mteja alitaka kabati la biri, zile sigara nene za majani matupu zinazosokotwa kwa mkono kule Kuba. Nusu ya fedha alitoa mwanzo. Nusu nyingine angetoa baada ya kipima unyevu kukaa kati ya asilimia 65 na 70 kwa wiki nzima, ndani ya kabati, nyumbani kwake. Ada ilikuwa kwenye hiyo nusu ya pili.

Karakana ni banda la wazi lenye vumbi la mbao, hivyo kabati ilibidi nilimalizie sebuleni kwetu. Mama watoto alikubali kwa sharti moja: hakuna biri hata moja itakayovuka mlango wake. Mtoto wetu wa mwisho ana pumu. Sharti hilo halikunisumbua, maana kabati la namna hii huandaliwa likiwa tupu.

Ubao mkavu una kiu. Ukipanga biri ndani ya kabati jipya, ubao utazinyonya unyevu hadi zikauke na kupasuka. Kwa hiyo ubao unanyweshwa kwanza. Ndani hakupakwi rangi wala vanishi, kwa sababu harufu huingia kwenye tumbaku na ubao hauwezi tena kupokea na kutoa unyevu. Mbao zinazopendwa ni za sedrela. Wazungu wanauita mti huo mwerezi wa Kihispania, ingawa si mwerezi na asili yake si Hispania bali Amerika ya Kusini, ya Kati na Karibi. Ni ndugu wa mkangazi na mwarobaini. Ulishaletwa nchini, na katika msitu wa Kimboza, Morogoro, umeenea hadi unaisonga miti ya asili.

Wapo mafundi wanaofuta mbao kwa kitambaa chenye maji. Mimi siipendi njia hiyo, ubao mwembamba unapinda. Niliweka bakuli mbili za maji yaliyochujwa kwa mvuke, na sponji safi kwenye kisahani, nikafunga mlango kwa wiki mbili. Maji ya bomba huacha chumvi na hukaribisha ukungu.

Kipimo chenyewe alikikagua binti yangu, aliyekuwa amemaliza darasa la saba na yuko nyumbani. Alijaza chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, akadondoshea maji kidogo hadi ikawa kama uji mzito. Akakiweka pamoja na kipimo ndani ya mfuko usiopitisha hewa, akaufunga hadi kesho yake. Hewa iliyofungiwa na chumvi hiyo hutulia kwenye asilimia 75, uwe Dar au Njombe. Chetu kilisoma 71. Kuanzia hapo kila namba aliyoandika kwenye daftari aliiongezea 4.

Siku hiyo ndipo aliponiuliza, "Baba, si ndiyo tumbaku hii mwalimu alisema inaua?"

Nikamwambia ndiyo. Nikamweleza kwamba babu yake alilima tumbaku Urambo, akatusomesha wote kwa tumbaku, na yeye hakuvuta hata msokoto mmoja. Alfajiri alikuwa anafungua bani ili umande uingie, kwa sababu jani lililokaushwa kwa moto ukilishika kabla halijalainika linavunjika mkononi.

"Babu alijua kuwa inaua?"

"Alijua vikohozi vya majirani."

"Na wewe, baba?"

Nikamjibu kwamba mimi najua zaidi ya babu, na kabati natengeneza, kwa sababu Januari inakuja. Hakuridhika. Sikumlazimisha aridhike.

Mteja alipopiga simu kutaka kuleta boksi moja la biri tulijaribie kwetu, nilimwambia, "Samahani, bosi, kuna mtoto mwenye pumu." Akanyamaza kidogo, kisha akasema tuhamishie kabati kwake.

Kule tatizo likawa jingine. Hewa ya Dar ina unyevu mwingi, lakini chumba chake kina kiyoyozi mchana kutwa, na kiyoyozi hukausha. Yale maji yanayodondoka kwenye bomba lake nje ya ukuta ni unyevu uliotolewa chumbani. Siku ya kwanza kabati lilisoma 67, siku ya tatu 59. Na kiyoyozi huwezi kukizima, maana joto likipita nyuzi 24 hivi, mayai ya mdudu wa tumbaku yanaanguliwa. Mdudu huyo ndiye huyohuyo anayetoboa pilipili na bizari kabatini jikoni.

Usiku niliweka tochi inayowaka ndani ya kabati, nikafunga mlango na kuzima taa. Uzi wa mwanga ukatokea upande wa bawaba. Nikabandika mpira mwembamba kuzunguka fremu yote. Ndani nikaweka vifuko vyenye mchanganyiko wa maji na chumvi maalumu, vinavyotoa unyevu hewa ikikauka na kuunyonza ukizidi. Namba ikapanda hadi 68, na siku saba zote haikushuka chini ya 67. Mteja alilipa siku ya nane.

Kipimo chetu kilibaki nyumbani, na binti yangu akakihamishia chumba cha mdogo wake bila kumuuliza mtu. Masika yalipofika, alfajiri moja, baada ya kuongeza ile 4, kilisoma 84. Ukungu na wadudu wadogo wa vumbi hupenda hewa ya namna hiyo, na vyote viwili huchokoza pumu. Tumesogeza kitanda mbali na ukuta wenye unyevu, nguo mbichi hazianikwi tena mle ndani, na mchana wa jua madirisha yote yako wazi. Jumamosi iliyopita kilisoma 71. Wataalamu wanashauri nyumba ikae chini ya 60. Hapa Dar, bila kiyoyozi, sidhani kama tutafika.